Hiyo Grafu Yenu Haijafika Tarbaj

Wasee, hiyo grafu nimeiona. Msinitumie tena. Tangu Ijumaa nimetumiwa na watu saba, na mmoja wao amebandika bendera tatu za Kenya halafu akamwandikia jamaa wa Addis Ababa, "Poleni." Ni ile ya Shirika la Fedha Duniani, inazunguka tangu Aprili 2025: Kenya imeipita Ethiopia, eti sasa sisi ndio uchumi mkubwa zaidi Afrika Mashariki. Nguzo yetu iko juu, yao imeinama. Watu wanacheka, watu wanatukanana, watu wanajipiga kifua kama waliobeba mawe ya hiyo nguzo kwa mikono yao.

Mimi nina swali moja tu la kijinga. Ethiopia ilipoteza nini?

Kilichowashusha si moto wala mafuriko. Julai 2024 serikali yao iliiachilia birr ijitafutie bei sokoni. Dola moja iliyokuwa birr 57 hivi ikapita 100, na ikaendelea kupanda. Sasa chukua kahawa ileile, ng'ombe walewale, teff ileile, igawanye kwa namba kubwa zaidi. Unapata dola chache. Basi. Mkulima wa Jimma hakuamka asubuhi akakuta nusu ya mibuni yake imeondoka. Na sisi hatukuamka na kitu chochote cha ziada kitandani.

Kwetu pia imetokea, mmesahau tu. Januari 2023 dola ilikuwa shilingi 123 hivi. Januari 2024 ikapita 160, mafuta yakapanda, mkalia hapa. Kufikia katikati ya mwaka huohuo ikarudi karibu 129. Ukipima uchumi wa Kenya kwa dola ya siku hiyo tu, basi nchi ilikonda ghafla halafu ikanenepa ghafla ndani ya mwaka mmoja na nusu, kama mtu mwenye malaria. Mbuzi wa Kutulo hawakupata habari.

Sisemi namba ni uongo. Wale wa "takwimu zote ni propaganda" nendeni posti nyingine. Nasema hivi: namba ina fundi, ina kipimo, ina tarehe, na ina watu ambao fundi hakuwafikia. Ukiirusha mtandaoni bila hivyo vitu vinne, unarusha jiwe gizani. Na kuna watu jiwe hilo huwa linawapiga kichwani kila mwaka. Mimi natoka kwao.

Tuanze na majina, kwa sababu mnayachanganya. GDP ni pato la ndani: kila kilichozalishwa ndani ya mipaka ya Kenya, awe amezalisha Mkenya, Mchina au Mwingereza. GNI ni pato la taifa: unachukua hilo la ndani, unaongeza mapato ambayo wakazi wa Kenya wamepata kutoka nje, kama faida ya uwekezaji, halafu unatoa yanayoondoka kwenda kwa watu wa nje. Faida inayovuka bahari kwenda kwa wenye hisa wa kigeni, toa. Riba tunayowalipa wenye Eurobond huko nje, toa. Tulianza kukopa huko Juni 2014, dola bilioni 2 kwa mkupuo wa kwanza, na tangu hapo kila mwaka kuna pesa imezalishwa hapa ikaliwa kwingine. Kwa Kenya kinachotoka ni kikubwa kuliko kinachoingia, kwa hiyo GNI yetu ni ndogo kuliko GDP. Mnajua kwa nini wanasiasa wanapenda kutaja GDP? Sasa mnajua.

Lakini subirini, kuna jambo linalonichoma zaidi. Binamu yangu yuko Minneapolis, anaendesha lori. Kila mwezi anatuma pesa. Hizo pesa zimesomesha watoto watano, zimechimba birika la maji, zimezika nyanya yetu kwa heshima. Unadhani ziko kwenye GNI ya Kenya? Hapana. Mtu akishakaa nje mwaka mmoja na zaidi anahesabiwa mkazi wa huko, na mshahara wake ni pato la Marekani. Anachokutumia kinaitwa uhamisho, zawadi, kama vile umeokota. Mwaka 2024 Benki Kuu ilihesabu karibu dola bilioni 4.9 zilizotumwa Kenya kutoka nje. Hakuna hata senti yake ndani ya GNI. Na hiyo ni ile iliyopita kwenye mabenki na kampuni za kutuma pesa. Ile ya hawala, ya simu moja Isilii na jina la ukoo, hiyo hata kwenye hizo bilioni haimo yote.

Kwa hiyo kipimo kinachoamua kama Kenya ni nchi maskini au si maskini hakioni pesa inayonilisha. Hapo bado hatujafika kwa ngamia.

Sasa twende kwa jinsi inavyopimwa mwaka hadi mwaka, kwa sababu grafu zenu zote zina mstari unaopanda na hamjiulizi umepandaje. Ukilinganisha pato la 2010 na la leo kwa bei za sokoni, utadanganyika, kwa sababu unga umepanda bei. Tuseme mama mmoja wa Sarman aliuza lita kumi za maziwa ya ngamia kwa shilingi 80 kila moja, na leo anauza lita kumi zilezile kwa shilingi 150. Mapato yake kwa karatasi yamekaribia kuongezeka maradufu. Maziwa ni yaleyale. Ngamia ni yuleyule, na amezeeka. Ndiyo maana wataalamu huchagua mwaka mmoja, wanauita mwaka wa msingi, halafu wanahesabu miaka mingine yote kwa bei za mwaka huo. Ni njia nzuri. Tatizo ni kwamba mwaka wa msingi ukizeeka, nao unadanganya.

Hadi 2014 Kenya ilikuwa inajipima kwa mwaka wa msingi wa 2001. Fikirieni. 2001 hakukuwa na M-Pesa, iliingia Machi 2007. Simu ya mkononi ilikuwa ya wakubwa. Nchi ilikuwa inajitazama kwa kioo cha zamani kiasi kwamba nusu ya uso haionekani. Basi tarehe 30 Septemba 2014 KNBS ikabadilisha kioo, ikatumia 2009, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa karibu robo. Robo nzima, kwa siku moja! Nilikuwa shule ya msingi, tulikuwa tunakaa wanne kwenye dawati la wawili. Nchi ililala maskini, ikaamka ya kipato cha kati. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikatuhamisha rasmi kwenye orodha. Dawati lilikuwa lilelile.

Na si sisi pekee. Ghana 2010 ilibadilisha mwaka wa msingi, uchumi ukaruka kwa asilimia 60. Nigeria Aprili 2014 ilitoka 1990 hadi 2010, ikaruka kwa asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini bila kujenga hata daraja moja siku hiyo. Filamu zao na kampuni zao za simu, zilizokuwa karibu hazionekani kwenye hesabu, zikaonekana. Hiyo ni haki. Watu walikuwa wanafanya kazi, na kazi ikahesabiwa. Mimi sina ugomvi na kuhesabiwa. Ugomvi wangu ni nani anayeonekana kioo kikibadilishwa.

Maana Lagos ikitengeneza filamu, filamu ina risiti. Simu ina bili. Nyumba ya Kilimani ina kodi na stakabadhi. Ngamia wa Elben ana nini? Alama ya moto ya ukoo kwenye shingo.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hii si hadithi ya kijiweni. Kwa miaka mingi idadi ya mifugo ya Kenya ilikuwa ni makadirio ya ofisini. Sensa ya 2009 ndiyo ilipouliza kila nyumba ina mifugo mingapi. Ikapata ngamia karibu milioni 3, wengi zaidi kuliko makadirio ya wizara ya miaka michache iliyotangulia. Hao wengine walikuwa wapi? Walikuwa hapa, wanakula miti yetu. Mwaka 2011 watafiti wawili, Roy Behnke na David Muthami, waliandikia IGAD ripoti kuhusu mchango wa mifugo kwa uchumi wa Kenya. Walirudia hesabu ya 2009 na wakasema mchango halisi ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule rasmi. Shilingi bilioni 128 kwenye karatasi ya serikali, karibu bilioni 319 kwenye yao. Na kilichobeba mzigo mkubwa, karibu asilimia 70, ni maziwa. Mengi ya hayo hayajawahi kuona duka. Yamekamuliwa alfajiri na kunywewa kabla jua halijapanda.

Msiniambie kanuni haziruhusu. Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinaruhusu kabisa kuhesabu chakula unachozalisha na kula mwenyewe. Mahindi ya mkulima wa Trans Nzoia anayoweka ghalani kwa ajili ya watoto wake yamo. Maziwa ya hooyo yanatakiwa yawemo pia. Kinachohitajika ni mtu wa kwenda kupima, na mtu huyo anatakiwa atembee kilomita arobaini nje ya lami, amfuate mfugaji aliyehama juzi. Ni ghali, ni jua kali, hakuna mtandao. Kwa hiyo wanakadiria. Ukikadiriwa kila mwaka, unazoea kuwa makadirio.

Wakati huohuo kuna vitu vinahesabiwa kirahisi sana. Huduma za serikali hazina bei sokoni, kwa hiyo zinapimwa kwa gharama yake. Maana yake, mhudumu wa zahanati akilipwa mshahara, pato limeongezeka, hata kama kabati la dawa lina buibui. Mwalimu akilipwa, hesabu imekubali, awe darasani au asiwe. Tangu 2019 KNBS inatoa pia pato la kila kaunti, na nawapa heshima kwa hilo, tulikuwa hatuna kabisa. Nairobi peke yake inabeba zaidi ya moja ya tano ya nchi. Sisi wa Wajir tuko huko chini. Mkiona hivyo mnasema, "Hao hawazalishi." Halafu jioni mnaenda kula nyama choma. Hiyo nyama mnadhani imeota Kiamaiko?

Hii fikra ya kwamba pesa iende kunakoonekana uzalishaji si mpya. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ule wa Tom Mboya na wenzake, ulisema maendeleo yawekezwe kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari, ili yazalishe zaidi na baadaye yafaidi wengine. Ukiusoma leo unaona mantiki yake, si watu wabaya walioandika. Lakini angalia duara lake: huna barabara kwa sababu huzalishi, huzalishi kwenye vitabu kwa sababu hakuna anayefika kukuhesabu, hakuna anayefika kwa sababu huna barabara. Miaka sitini baada ya uhuru ndiyo tunaona lami ya Isiolo hadi Mandera ikisogea pole pole. Katiba ya 2010, Kifungu cha 204, iliweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya nchi, kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo kama yetu. Nusu ya asilimia moja. Na kwa miaka ishirini tu, kama dawa ya kozi.

Haya, ukame sasa. Hapa nitakaa kidogo, vumilieni.

Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mwezi huohuo, tena mwanzoni mwa mwezi, KNBS ikatoa hesabu mpya za taifa zenye mwaka wa msingi wa 2016. Miezi michache baadaye, 2022, tukaambiwa uchumi ulikua kwa asilimia 7.5 mwaka 2021. Sawa, 2020 tulikuwa tumeanguka kwa sababu ya korona, kwa hiyo kuinuka kulikuwa lazima. Naelewa. Hoteli zilifunguliwa, shule zilirudi, Nairobi ilipumua. Lakini mwaka huohuo barabara ya kwenda Wajir ulikuwa ukipita unaziba pua. Mizoga pande zote. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kabla mambo hayajabadilika 2023. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.

Sasa jiulize, ngamia kumi wakifa wakati mmoja kwa ukame, GNI inapungua kwa thamani ya ngamia kumi? Hapana! Hasara ya janga kubwa huandikwa kwenye daftari jingine, la mabadiliko ya mali, daftari ambalo hakuna anayelifungua kwenye runinga. Kinachopungua kwenye pato ni maziwa ambayo hayakukamuliwa, na tumeshakubaliana maziwa hayo hayakuwa yamehesabiwa vizuri tangu mwanzo. Neno la kwanza kwenye GNI ni "jumla". Jumla maana yake haujatoa uchakavu wala mali iliyoliwa. Mtu akiuza mabati ya nyumba yake moja moja anaonekana ana shughuli.

Halafu lori la maji linakuja. Zabuni imelipwa, dizeli imenunuliwa, dereva kapata posho, lori limeharibika gurudumu na fundi kalipwa. Yote hayo yana risiti. Mvua ikinyesha bure na silanga likajaa, hakuna risiti. Kwa hiyo Tarbaj yenye kiu, inayoletewa maji kwa lori, inaweza kuonekana na shughuli nyingi za kuhesabika kuliko Tarbaj iliyonyeshewa. Nilimweleza aabo hivyo kwa simu. Alinyamaza muda mrefu akauliza, "Na hao watu wamesoma?"

Nitasema langu kidogo, kwa sababu linafanana. Nilipokuwa natafuta msaada wa karo ya chuo, fomu iliuliza: mapato ya mzazi kwa mwezi. Aabo hana hati ya mshahara. Kijana wa saiba akanisaidia, alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu. "Ana ngamia wangapi?" Sijui, nikasema, ishirini hivi. "Ngamia ni pesa ngapi?" Laki moja hivi. Milioni mbili, akagawanya kwa kumi na mbili: shilingi 166,000 kwa mwezi. Akabonyeza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtoto wa tajiri. Nilipangwa na wale wanaojiweza. Kufikia wakati huo nusu ya hao ngamia walikuwa mifupa. Na hata wangekuwa hai wote, ngamia si mshahara! Mali uliyonayo ni kitu kimoja, na kinachoingia kila mwezi ni kitu kingine. Ukiuza ngamia kumi na wawili kwa mwaka ili uonekane una mapato, mwaka ujao wewe ni mkimbizi. Nilikaa mihula mitatu. Simlaumu yule kijana. Alifanya kwa dakika mbili kile ambacho wakubwa wanafanya kwa mwaka mzima wakiwa na kompyuta.

Hesabu yenyewe hii hapa, ifanyeni na nyinyi. GNI ya Kenya kwa kila mtu mwaka 2023, kwa njia ya Benki ya Dunia, ilikuwa karibu dola 2,100. Hawa jamaa angalau wanajua mambo ya shilingi kupanda na kushuka, kwa hiyo hawatumii bei ya dola ya siku moja, wanachukua wastani wa miaka mitatu na kurekebisha mfumuko wa bei. Nawasifu. Sasa ibadilishe kwa shilingi 130: ni 273,000 kwa mwaka, 22,750 kwa mwezi, kwa kila kichwa, mtoto mchanga ndani. Nyumbani tuko wanane. Kwa hiyo kwetu kunatakiwa kuingia shilingi 182,000 kila mwezi. Aliyeona zikipita anijulishe.

"Lakini ni wastani tu, bro, hakuna anayesema kila mtu anapata hivyo." Kuna anayesema. Gavi, ule muungano unaosaidia nchi maskini kununua chanjo za watoto, hupanga nchi kwa GNI ya kila mtu, wastani wa miaka mitatu. Ukivuka mstari unaanza kuachishwa ziwa. Kenya ilivuka, na tangu 2022 iko kwenye njia ya kutoka, kila mwaka inatakiwa itoe pesa zake zaidi mpaka inunue chanjo zote yenyewe. Mikopo nafuu ya Benki ya Dunia nayo inaangalia namba hiyohiyo. Kwa Nairobi hiyo inaweza kuwa habari ya ukurasa wa biashara. Kwa kaunti za Kaskazini Mashariki, ambazo kila utafiti wa afya ukitoka zinakaa mkiani kwa chanjo, ni suala la friji ya zahanati ya kijijini kuwa na chupa au kutokuwa nazo. Mtoto wa surua hapimwi kwa wastani. Serikali ikisherehekea kuvuka mstari bila kutenga pesa za chanjo kwenye bajeti, basi imemwachisha mtoto ziwa na jikoni hakuna kitu.

Sasa niwageukie watu wangu, kwa sababu najua mnasoma mkitikisa kichwa kwa furaha. Walaalo, sisi pia tuna lawama. KNBS wakija tunafanya nini? Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, Wajir Mashariki ikiwemo, na Tarbaj wakati huo ilikuwa ndani yake. Walisema watu wamezidi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikafuta ya 2019 kwa sehemu za Mandera, Wajir na Garissa, safari hii watu wetu wakisema wamepunguzwa. Mara wamezidi, mara wamepungua. Na GNI ya kila mtu hugawanywa kwa watu! Chini ya mstari kuna kesi, juu ya mstari kuna makadirio, halafu mnanichorea grafu yenye desimali.

Lakini huku watu tunataka waonekane wengi, kwa sababu watu ni mgao na viti, ngamia tunawaficha. Tunaogopa hasad. Tunaogopa kodi. Mzee akiulizwa ana ngamia wangapi anasema, "Alhamdulillahi, wapo." Karani ataandika nini? Wapo? Hatuwezi kulia hatuonekani huku tumefunga mlango kutoka ndani. Mimi nikiona karani amekuja na tableti yake kwenye jua la saa nane, nampa maji kwanza, halafu namwambia ukweli, na namfundisha kwamba ngamia anakamuliwa miezi mingi baada ya kuzaa, si siku mbili.

Na nyinyi wa KNBS, najua kuna vijana huko wa rika langu wanaosoma hizi posti: toeni GNI kwa sauti ileile mnayotoa GDP. Tuambieni hasara ya mifugo kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti ya Mei, pembeni ya ile asilimia ya ukuaji. Pimeni maziwa kwa msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, kwa sababu ngamia wa Aprili si ngamia wa Februari. Ajirini watoto wa huku, wapo wengi, wana diploma na wanauza kadi za simu. Wanajua mtu anahamia wapi mvua ikinyesha upande wa Elwak.

Kuhusu Ethiopia, mwacheni huyo jamaa wa Addis apumzike. Shilingi ikiteleza tena atarudi kuwacheka.

Kabla sijaandika hii nilimpigia aabo nikamwambia nataka kuanza mimi, nataka kuweka hapa hesabu kamili ya nyumba yetu, ngamia waliobaki, lita kwa siku, tuliouza, waliokufa. Nikamuuliza, aabo, kwa sasa wako wangapi?

Akasema, "Nani anauliza?"